Nyumba Isiyo na Moshi

Juzi nilikwenda sokoni Songea kununua jiko la mkaa ambalo mwenyewe silihitaji. Nyumbani napikia gesi. Na baridi ya kipupwe sina ugomvi nayo, ndiyo inayonilisha: nauza masweta ya mitumba, na mwezi wa sita ukiingia na manyunyu yake kutoka milima ya Matogoro, hata bahili wa kutupwa anabishana bei huku meno yanagongana, na mtu wa hivyo habishani vizuri. Jiko lilikuwa la mpangaji wangu, binti wa chuo aliyetoka Lindi, ambaye tangu baridi ianze anatembea uani kama kifaranga kilichonyeshewa.

Muuza majiko alikuwa kijana mwenye maneno yake. Nikaligeuza jiko juu chini, nikahesabu matundu ya kile chungu cha ndani, nikayahesabu tena, nikamwambia moja limeziba. Akasema mama, tundu moja si kitu. Nikamwambia kama si kitu, basi punguza. Tukaenda hivyo kwa raha zetu mpaka alipoona anashindwa, ndipo akatoa neno lake la mwisho.

"Hili, mama, unaliweka hata chumbani. Unafunga mlango, unalala, joto lake mpaka asubuhi."

Nikaacha kubishana. Yeye akadhani nimenasa, akapandisha bei kidogo. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimeshaondoka pale sokoni. Niko Matogoro kwenye ua wa bibi yangu, miguu mitupu juu ya umande, nasubiri kutumwa.

Wewe uliyekulia huku utakumbuka asubuhi zile. Ukungu unateremka mlimani taratibu, unakula kwanza misitu, kisha mashamba, kisha choo cha jirani, mpaka mkibaki nyinyi na mgomba mmoja mnaona mmebahatika. Buibui walikuwa wametandaza nyavu zao kwenye kila kijiti cha ua, na umande umezipamba kama shanga. Kuku hawakutaka kushuka, na wakishuka wanasimama mguu mmoja wakiwa wamejitunisha, wamekasirika. Mbwa wa bibi alilala ndani ya majivu ya jana, akiamka ni wa kijivu, akijikung'uta ni yule yule wa hudhurungi. Sisi watoto tulitoa mvuke mdomoni tukijifanya wavuta sigara, hadi bibi aulize nani hapa ana hela ya sigara amsaidie chumvi.

Ulikuwa msimu wa mahindi makavu. Mchana kutwa tunapukuchua, vidole vinaota malengelenge, na magunzi tunayarundika jikoni kwa kuni. Kifungua kinywa kilikuwa uji wa ulezi na kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu, kile ambacho upande mmoja ni mkaa na upande wa pili bado kibichi, na katikati, ukibahatika, pana tonge moja tamu ajabu. Hatukuwa kijijini wala hatukuwa mjini. Kengele ya shule tuliisikia, mabasi tuliyasikia yakinguruma kwa mbali, lakini maji tuliteka kijitoni na moto tuliombana.

Hapo kwenye moto ndipo nilipotaka kufika.

Kila asubuhi ya kipupwe bibi alitoka nje na kitenge chake kichwani, akasimama kwenye kona ya ua, akahesabu mioshi. Moshi ulipenya chini ya mapaa, mzito, wa buluu, na yeye alinifundisha kuutenganisha na ukungu: ukungu hauna mwenyewe, moshi una mwenyewe. Aliijua kila nyumba kwa harufu. Kwa fundi seremala ulinukia maranda, kwa mama wa pombe ulinukia kimea, na kwa mzee wa nyumba ya mwisho, mjane aliyeishi peke yake, ulinukia mkaratusi, kwa sababu alikuwa mvivu wa kwenda mbali kutafuta kuni. Bibi alihesabu, kisha akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kama umepungua mmoja alichukua kigae, kile kipande cha chungu kilichovunjika, akanipa.

"Nenda kaombe moto."

Moto wetu unawaka pale pale nyuma yake, unapasua magunzi. Lakini huendi kumgongea mtu mzima mlango alfajiri ukamwuliza kama bado yu hai; hiyo ni kumtukana, tena ni kumwitia kifo. Unakwenda na kigae. Unapiga hodi, shikamoo, bibi anaomba moto. Mzee mjane akitoka anakohoa na kulaani magoti yake, anakuwekea kaa jekundu, na wewe unarudi mbio unalipulizia lisizime, kumbe hata likizima hakuna hasara. Mzee naye alijua. Alisema kila mara, "Mwambie bibi yako moto wangu upo," na alimaanisha kitu kingine, na sote tulijua anamaanisha nini. Kwa upande wa kutoa, sheria ilikuwa moja: moto haunyimwi mtu.

Basi akahamia kwetu mwalimu. Alikuwa mtu wa Namtumbo, Mwislamu mpole, na mkewe alitoka Tunduru huko chini kwenye joto, msichana mdogo anayecheka huku ameziba mdomo kwa mtandio. Walipanga nyumba nzuri kuliko zote mtaani: ukuta umepigwa plasta, madirisha ya vioo, dari ya mbao. Nasi tulikwenda kuishangaa hiyo dari, maana kwetu ukitazama juu ulimwona panya anakutazama. Na kwa kuwa mwalimu alikuwa na mshahara, hawakupikia magunzi. Walipikia mkaa.

Mkaa ukishashika hauna moshi. Wiki ya kwanza bibi alihangaika, hesabu haikai, akanituma na kigae siku tatu mfululizo, mke wa mwalimu akanipa moto akishangaa hawa majirani wana nini na kiberiti. Wiki ya pili bibi akaitoa nyumba ile kwenye hesabu. "Ile ni nyumba ya mshahara," alisema, "haina moshi." Akawa anaruka hapo kwa jicho, kama unavyoruka dimbwi ulilolizoea.

Mke wa mwalimu akajifungua mwanzoni mwa baridi, mtoto wa kike. Arobaini ilipotimia mwalimu akasafiri kwenda kwao kwa shughuli ya ukoo. Jioni moja ya manyunyu msichana yule alikuja kwetu na jiko lake mkononi, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka haonekani, akamwamkia bibi shikamoo, akasema mkaa wake umepata unyevu haushiki, na mtoto vidole ni vya baridi. Bibi akamchagulia makaa mazuri, ya mti mgumu, akayapanga mwenyewe kwa mkono uliokuwa hauungui tena. Akamwambia afunge nyumba vizuri, aweke gunia chini ya mlango na kitambaa dirishani, kwa sababu baridi ya huku haina adabu.

Ulikuwa ushauri mwema. Sisi sote tulilala hivyo. Bibi mwenyewe aliweka kigae cha makaa chini ya kitanda chake kila kipupwe, na tulifunga kila kitu tulichoweza kufunga. Lakini nyumba zetu zilikuwa za miti na udongo, zimepasuka, nyasi juu. Hata ungeziba vipi zilipumua zenyewe. Ile ya plasta na vioo na dari, ukiiziba, inazibika.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Bibi akahesabu mioshi, akahesabu tena, ikatimia. Akashukuru Mungu, akakaa kuchambua maharage. Mimi nikaenda kijitoni. Nikirudi na ndoo nilipita kwa mwalimu, nikasikia kuku wake wanalalamika bandani, bado wamefungiwa, na jua lilikuwa limeshaanza kuutoboa ukungu. Uani hakukuwa na nepi hata moja kwenye kamba. Nilipofika nyumbani nikamwambia bibi hivyo tu, kama habari za njiani: kuku wa mwalimu hawajafunguliwa.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akainuka, akachukua kigae, akaninyooshea. Kisha akaurudisha mkono, akaondoka nacho mwenyewe. Sijapata kumwona bibi akienda kuomba moto mwenyewe, si kabla wala baada. Alikuwa anatembea upesi kwa mtu wa umri wake, nami nyuma. Akapiga hodi. Akapiga tena. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa ameuegemea mlango, "Mwanangu, nimekuja kuomba moto."

Fundi seremala ndiye aliyevunja komeo. Wakamtoa msichana na kumlaza kwenye nyasi zenye umande, midomo yake myekundu kama mtu mwenye afya, na kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha akatapika, akalia, na wanawake wakalia naye kwa kushukuru. Mtoto alitolewa baadaye kidogo, kwa mikono miwili, bila haraka. Hakuna aliyemlaza kwenye nyasi.

Mama akapelekwa hospitali nyuma ya gari la mbao. Wazee wa Kiislamu wakaja kutoka mjini, maziko yakafanyika siku ile ile, kaburi fupi kuliko jembe. Mwalimu alifika kesho yake juu ya lori la tumbaku, akakuta udongo umeshakauka.

Sasa, majirani ni watu wazuri mpaka wapate cha kuzungumza. Hakuna aliyejua mambo ya hewa ya sumu ya mkaa. Walijua jambo moja: kwa bibi ndiko moto ulikotoka. Haikuchukua muda nikaanza kusikia kijitoni kwamba moto wa bibi yangu una kitu ndani yake. Mama wa pombe, aliyekuwa akija kwetu na kigae karibu kila jioni, akaanza kutupita akienda nyumba ya mbali. Mzee mjane peke yake ndiye aliyeendelea kuja, na yeye walisema hana cha kupoteza. Bibi hakujitetea. Alikoka moto mkubwa kuliko kawaida, akaketi mbele yake, hakuna anayekuja. Asubuhi hakutoka tena kuhesabu. Niliwahi kumwuliza mbona hahesabu, akasema hesabu yake ilitimia siku ile, na mtoto akafa, basi hesabu ya nini.

Baridi ilikuwa inaelekea kuisha, Matogoro yote imegeuka rangi ya majani makavu na watu wameanza kuchoma mashamba, mke wa mwalimu alipotokea. Alikuwa amekonda, amefunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa saa ya kurudi kijitoni, njia imejaa wanawake na ndoo zao. Alipita katikati yao akiwa na kigae mkononi. Mbele ya nyumba ya mama wa pombe, moshi unafuka, hakusimama. Kwa seremala hakusimama. Akaja mpaka uani kwetu, akapiga magoti mbele ya bibi kama mkwe.

"Shikamoo bibi. Naomba moto."

Wanawake walikuwa wamesimama njiani, ndoo kichwani, hakuna aliyejifanya anapita. Bibi alimtazama sana. Ikabidi aanze mara mbili kusema.

"Moto huu utalala wapi?"

"Nje, bibi."

Bibi akachagua makaa, akayaweka kwenye kigae. Msichana akasimama, akarudi kwa njia ile ile, katikati ya wale wale, akipuliza. Jioni ile mama wa pombe akaja, akajifanya amezimikiwa ghafla. Bibi akamwuliza lile lile, moto huu utalala wapi, na mama wa pombe akajibu nje. Toka hapo likawa neno la mtaa wetu. Ukiomba moto unaulizwa, unajibu, unapewa. Watoto wadogo wakalishika bila kujua limetoka wapi, wakalitia kwenye mchezo wao wa baba na mama.

Mwalimu alihamishwa kabla ya mvua. Mkewe sikumwona tena. Kaburi lilikuwa karibu na njia ya kijito, bibi akilipalilia, na bibi alipokufa nililipalilia mimi mpaka nilipokwenda kutafuta maisha. Niliporudi pamejengwa. Nimezunguka pale mara mbili na siwezi kukuambia ni chini ya ukuta gani.

Na mtaa wenyewe ungeuona! Nyumba zote siku hizi ni za mwalimu: plasta, vioo, dari, tena ukuta na geti. Asubuhi nasimama kwenye kona yangu, ukungu ni ule ule, buibui ni wale wale, kunguru mwenye shingo nyeupe anapita akikoroma kama zamani. Nahesabu mapaa. Mapaa yametimia, lakini paa halisemi kitu. Mtu akizidiwa nyuma ya geti lile la buluu, sisi tutajua siku harufu itakapotoka, na wa kwanza kujua atakuwa mbwa.

Jiko nililinunua, kwa bei yangu. Kijana nilimweleza kwa nini hatakiwi kusema vile kwa mteja, akanisikiliza kwa heshima ya mtu anayetaka uondoke. Nikampelekea binti wa Lindi, pamoja na blanketi zito kutoka kwenye mzigo wangu. Kabla sijaliachia nikamwuliza moto huu utalala wapi. Akacheka. "Kwani moto unalala, mama?" Nikalishika jiko mpaka akajibu.

Lakini jibu la mtu mwenye baridi silipi uzito sana. Kwa hiyo kila kunapopambazuka nagonga dirisha lake, namwambia nimekuja kuomba moto. Siku za kwanza alitoka na kiberiti. Sasa ameshanichoka, anasema kutoka ndani ya blanketi, kwa sauti nzito ya usingizi na hasira, "Mama, si una gesi?"

Ninayo. Narudi zangu kuchemsha chai.