Uji Siku ya Kufunga

Sijakataa Roho Mtakatifu, nilimwambia mama landlord. Nilichosema ni kwamba jana kilichoniangusha ni sukari kuisha mwilini. Akasema hata kama ni hivyo ninyamaze, nisivunje watu moyo.

Watu wenyewe ni sisi tuliotoroka Soweto West kule Kibera, kura ilipoleta vita. Alitufungulia vyumba viwili kwa ploti yake hapa Kawangware na hakuuliza mtu kabila. Kwa hivyo alipotangaza tufunge siku tatu ndio Kenya ipone, mimi nani nianze kuitisha chai?

Nina kisukari tangu form two. Dawa yangu ya sindano, anti yangu niliyetoroka naye huiweka kwa nyungu ndogo yenye mchanga na maji, ikae baridi. Siku ya kwanza asubuhi nilijidunga kama kawaida, halafu sikukula. Nilidhani hayo mengine Mungu atamalizia.

Saa tano, katikati ya maombi, nikaanza kutetemeka na kutokwa na jasho. Wakapiga makofi. Nikaongea maneno hayaeleweki, wakafurahi zaidi. Nikaanguka. Mama mmoja akanifunika miguu na leso, kwa heshima, wakaendelea kuimba. Nilikuwa nawasikia, lakini mdomo ulikuwa umekataa kazi.

Anti yangu, ambaye kanisani hukaa karibu na mlango ndio atoke mapema, ndiye alipita katikati yao na kikombe cha sukari. Akanipaka kwa ufizi na kidole, pole pole, mpaka nikaweza kumeza. Mama landlord akamuuliza anafanya nini na Roho yuko kazini.

“Wacha aendelee,” anti akasema. “Mimi napeana sukari tu.”

Nimeomba nipone miaka mitatu sasa. Sijapona. Lakini pale chini, na leso miguuni, kitu kimoja nilikuwa najua: anti atakuja. Nikiangalia vizuri, imani niko nayo ndio hiyo, na sioni kama ni kidogo.

Nyumba ni ya mama landlord. Lakini niliamua. Kesho, siku ya tatu, nitajidunga, nikoroge uji, nikunywe bakuli nzima pale mlangoni kila mtu akiniona. Halafu niende nikae mstari wa mbele, niombee Kenya nikiwa nimeshiba.