Mluzi wa Kukamulia

Mimi ni fundi cherehani hapa Nkwenda, na nikishona lazima muziki uwe unalia. Si bongo fleva, si kwaya. Napenda muziki wa vyombo tu, bila mwimbaji, ule wa kinanda na fidla unaosikika kwenye filamu watu wakishaacha kuongea. Rafiki yangu muuza dawa za mifugo ana ugonjwa huohuo. Tunatumiana kwenye simu, tunabishana ni upi unaolegeza mabega. Wateja wanatucheka. Wacheke tu, magauni si wanayapenda?

Mwaka jana presha ya baba yangu ilipanda, nikamtoa Kaisho kwa ng'ombe wake, nikamleta kwangu, karibu na kituo cha afya. Daktari akasema apumzike. Nikajisemea, hapo mmefika kwa mwenyewe. Nikamwekea kinanda kimoja cha taratibu, kizuri mno, nikarudi kwenye cherehani nimeridhika. Kugeuka, baba amevua kofia, amekaa wima, ananiashiria ninyamaze.

"Tulia tusikie jina," akasema.

Jamani! Kumbe anangoja tangazo la kifo. Maisha yake yote muziki wa namna ile ameusikia redioni tu, kabla hawajataja marehemu na mahali pa maziko. Nilicheka hadi nikapotosha mshono. Yeye hakucheka. Kila nilipobadilisha wimbo alitaka kujua amekufa nani. Presha itashukaje hapo?

Na kula alikuwa hali. Nampikia ndizi na maharage, anaonja, anashukuru, anarudisha sahani. Alikaa kwangu kama mgeni, viatu mguuni, siku nzima anatazama barabara. Niliogopa nitampoteza mikononi mwangu. Nilikasirika pia: kitanda kizuri nimekupa, dawa unapata, unataka nini tena, mzee wewe? Lakini hayo yalikuwa ya moyoni. Mdomoni ilikuwa shikamoo baba, umeamkaje baba.

Ndipo rafiki yangu akanitumia filimbi, kutoka filamu ya mtu anayevuka milima peke yake na mbuzi wake. Nilipoiweka, baba akageuka kutoka barabarani. Hakuuliza marehemu.

"Huyu anakamua," akasema.

Nikaelewa. Kwetu wafugaji, ng'ombe hupigiwa mluzi wakati wa kukamuliwa, ndipo anaachia maziwa, na kila mkamuaji ana mluzi wake. Hiyo ni kazi ya wanaume. Mimi binti niliusikia wa baba kila jioni kutoka jikoni, nikisafisha vibuyu vya maziwa, na wala sikuwahi kuufikiria kuwa muziki. Baba alitaka filimbi ile irudiwe, na irudiwe tena, mpaka simu ikaisha chaji. Kisha akaniambia yule ng'ombe wake mwekundu hataki mluzi wa kaka yangu aliyebaki akikamua, anabana maziwa. Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba analia, na mimi nikalia palepale juu ya sketi ya mteja.

Daktari alikubali arudi nyumbani mradi asiache dawa, na kaka akaapa kumsimamia. Kwa hiyo nilimrudisha Kaisho, ingawa roho iliniuma, maana nilimtaka kwangu. Jioni ileile alivua viatu, akaketi kwenye kigoda chake kando ya yule mwekundu, akapiga mluzi. Ulikuwa mwembamba, wa polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Maziwa yakaanza kulia kwenye chombo. Nikatoa simu nikarekodi, nimesimama nyuma ya ua. Usiku ule alikunywa maziwa kikombe kizima, akala na viazi, akaomba vingine.

Siku hizi mluzi huo umo kati ya nyimbo zangu. Nilimtumia rafiki yangu, naye anasema hakuna wa filamu unaoufikia. Wateja wakiniuliza ni filamu gani, nawajibu ni ya Kaisho. Mwishoni kabisa sauti ya baba inasikika, ya upole: "Zima, mwanangu. Ng'ombe amejua kuna mgeni." Mgeni mwenyewe ni mimi. Nikifika hapo huwa nasimamisha cherehani kwanza.