Ng'ombe wa Sura ya Kwanza

Kuna uongo nilioutumia miaka mingi katika chumba cha walimu. Kila mwenzangu aliponikuta na riwaya ileile mkononi, ile ya kijana anayemfuata mchumba wake mjini kwa treni, nilimwambia, "Kila nikiirudia naona jambo jipya." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye shahada. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuona jambo jipya hata moja, na wala sikulitaka. Nilitaka yaleyale. Nilitaka kijana ashuke pale stesheni, binti ageuke, nami nilie. Kurasa zilizonichosha niliziruka bila aibu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Bariadi, nafundisha watoto wa watu uhakiki, na kitabu ninachokipenda kuliko vyote nilikuwa nakisoma nusu.

Vitabu vipya nilinunua kila nilipokwenda Mwanza. Nikifika navyo nyumbani navipanga kabatini, navisifia majalada, halafu nachukua kile cha zamani kilichoshikwa kwa selotepu mgongoni.

Likizo moja ya mwezi wa sita, mama mkwe wangu aliletwa kwetu kutoka Shishiyu. Alikuwa ameteleza lamboni akinywesha ng'ombe, akavunjika mguu, na hospitalini wakamfunga hogo gumu jeupe la plasta kuanzia gotini hadi vidoleni. Mume wangu ni dereva wa lori la pamba. Alimshusha mama yake barazani, akamwekea mto, akaondoka na mzigo. Nikabaki na mkwe.

Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, ni mtu ambaye nadhani hajawahi kukaa chini tangu azaliwe. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kisukuma, na kusoma hakufundishwa. Siku mbili za mwanzo alihesabu kuku wa majirani. Siku ya tatu, mchana, akaniona nafuta machozi kwenye kiti cha pili.

"Umepata msiba?"

"Hapana, mayu. Nasoma tu."

"Hicho kitabu kinasema nini?"

"Kijana amempata mchumba wake."

"Hukujua kama atampata?"

"Nilijua. Nimeshakisoma mara nyingi."

"Ukasahau?"

"Sijasahau."

"Sasa unalia nini?"

Nilimjibu kama nilivyozoea darasani. Nilimweleza fani, nikamweleza maudhui, na nilipofika kwenye taswira nikasikia anakoroma.

Alipoamka aliniambia nimsomee, aone mwenyewe. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaanza sura ya kwanza, ambayo kusema kweli sikuwa nimeigusa tangu nikiwa kidato cha nne. Kijana ni yatima, anaishi peke yake na ng'ombe wanane alioachiwa na baba yake. Anasikia kwamba mchumba amepelekwa mjini. Alfajiri anawatazama ng'ombe wake mara ya mwisho, anafunga zizi kwa miiba, anakwenda kupanda treni. Nilisoma kwa hisia, nikanyamaza kidogo ili maneno yamwingie.

"Amemwachia nani ng'ombe?" akauliza.

"Tutaona mbele, mayu."

Kesho yake tulikuwa ndani ya treni. Mayu alisikiliza akitafuna matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, kisha akanikatisha. "Wale wanane wamekunywa maji?"

Usiku ule nilikipekua kitabu ukurasa kwa ukurasa, hata zile kurasa nilizokuwa naziruka. Hakuna. Mwandishi alifunga zizi na hakurudi tena. Na mimi, mhakiki, sikuwahi kugundua.

Siku ya tatu ya kusoma mayu aliuliza kijana ana muda gani huko mjini. Nikamwambia miaka mitatu.

"Basi wamekufa," akasema. "Wamekufa wamesimama. Huyo si mtu wa kupewa binti. Funga hicho kitabu."

Niliumia kama aliyetukanwa. Kijana yule nilimpenda kabla sijaolewa, na niseme yote, nilimpenda hata baada ya kuolewa. Mume wangu akipiga simu kutoka Mwandoya, neno lake la kwanza ni, "Ng'ombe wamekunywa?" Likizo ile aliongeza, "Mama amekula?" Tuna ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Miaka yote nilinung'unika kwamba yule wa kitabuni angeniuliza mimi kwanza. Sasa mkwe wangu, kwa siku tatu tu, alikuwa ameniharibia mchumba.

Kwa hiyo nikafanya kosa ambalo kwalo ningempa mwanafunzi sifuri. Nilifungua kitabu, nikakohoa, nikasoma kitu ambacho hakikuwemo: "Jirani yake, mama mjane, aliwasikia ng'ombe wakilia. Akaiondoa miiba, akawapeleka mtoni."

"Aaa!" Mayu alijisogeza juu ya mto. "Huyo ndiye mtu. Ana watoto?"

Ikabidi awe na watoto. Ikabidi awe na shamba la mtama na ugomvi na shemeji yake. Ng'ombe mmoja akazaa. Kila tulipofika kwenye mapenzi ya stesheni mayu alipiga miayo, nami nikarudi haraka kwa mjane. Siku tulipomaliza nilidhani nimepona.

"Anza tena," akasema.

"Mayu, si umeshajua mwisho?"

"Najua. Anza."

Mzunguko wa pili ulikuwa mgumu kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya. Nilisoma kwamba ng'ombe mwekundu alizaa. Mayu akainua kidole. "Ni yule wa madoa. Soma vizuri." Tangu hapo nikawa naandika mambo ya mjane kwa penseli pembeni mwa kurasa, mimi ninayewachapa wanafunzi kwa maneno makali wakichora kwenye vitabu vya shule.

Mume wangu aliporudi alitukuta mwanzoni mwa mzunguko wa tatu. Nilikwenda jikoni kusonga ugali, naye akakaa kiti changu, akamwambia mama yake atamsomea yeye. Nikasikia anasoma vizuri tu, kijana amefunga zizi, kijana yuko kwenye treni. Kisha sauti ya mayu: "Na mjane?"

"Mjane yupi, mama? Humu kuna treni."

"Tafuta."

"Nimetafuta. Kuna penseli tu hapa pembeni, mwandiko siusomi."

"Basi hujui kusoma. Mpe mkeo."

Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, sijui nicheke au nijifiche kwenye gunia la mkaa. Mume wangu aliniletea kitabu. Aliniangalia tu, akaenda kunywesha ng'ombe.

Hogo lilipokatwa na siku ya kurudi Shishiyu ikafika, nilimwomba mayu radhi. Nilimwambia mjane nilimtunga mimi, kwenye kitabu hayumo.

"Nilijua," akasema. "Ukimsoma yeye hufunui kurasa."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha."

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili tulikwenda kumsalimia. Nilimkuta uani anabangua karanga na wanawake watatu wa jirani, naye anasimulia kwa Kisukuma. Nilimtambua mjane mara moja. Treni haikuwepo. Stesheni haikuwepo, na hata sauti ya binti haikuwepo. Kijana wangu alipewa sentensi moja, kwamba kulikuwa na mpumbavu mmoja aliyefunga zizi akaondoka. Yaliyobaki yote yalikuwa ya mjane na ng'ombe wanane, na shemeji alikuwa amezidi ubaya kuliko nilivyomwacha.

Nilikaa mkekani, nikachukua konzi ya karanga, nikaanza kubangua. Alipofika pale mjane anapomfukuza shemeji zizini kwa fimbo ya ng'ombe, wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Nilicheka nao. Kisha nikamwomba arudie hapo pa fimbo.

"Umesikia vizuri," akasema mmoja wa wale majirani, akiokota karanga. "Wote tumesikia."

"Nimesikia," nikasema. "Arudie tu."

Mayu alipepeta maganda, akauweka sawa mguu wake, akarudia.