Jiwe Moja, Swali Moja

Katika mwaka wangu wa mwisho chuoni, mhadhiri wetu mmoja alifuta mtihani. Alisema amechoka kusahihisha karatasi zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja. Somo lake sasa lingekuwa darasa la kwenye simu kila Alhamisi, pamoja na kazi ya kujitolea katika kikundi cha wananchi. Mwishoni kila mmoja angewasilisha ripoti mbele ya darasa, kwa simu hiyo hiyo, akiwa huko huko kazini, akiwa na majibu ya maswali arubaini aliyowauliza wenyeji.

Wenzangu walishangilia. Mimi sikuona cha kushangilia. Mtihani nauelewa. Mtihani hauna mama mwenye jembe anayekutazama.

Nilipangiwa kikundi kimoja huko Mwala kilichokuwa kikijenga bwawa la mchanga. Nisipopita somo hilo, jina langu lisingeingia kwenye orodha ya mahafali, na nyumbani mama alikuwa ameshayatangaza mahafali hayo kwenye jumuiya. Mbuzi alikuwa ameshachaguliwa. Kila nilipopita karibu na zizi, mbuzi huyo alinitazama kana kwamba ananiombea nianguke.

Basi nikajiandaa. Maswali arubaini yalinichukua wiki mbili. Swali la kwanza pekee nililiandika mara kumi na saba, kwa maana sikutaka lionekane la kiburi, wala sikutaka lionekane la mtu anayejishusha ili asifiwe kwa kujishusha. Halafu kulikuwa na suala la viatu. Buti mpya zingesema najifanya mkulima. Raba nyeupe zingesema sijifanyi kabisa. Mwishowe nilinunua buti mpya na kuzipaka tope nyuma ya nyumba.

Nilifika Jumanne saa mbili asubuhi. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati yake ulikuwa ukiinuka ukuta wa mawe na saruji. Kina mama kama thelathini walikuwa wakishuka kutoka mlimani na mawe mabegani. Mwenyekiti wao, mama mnene aliyejifunga leso mbili kiunoni, alinitazama usoni, kisha akazitazama buti.

"Karibu, mwanake, kijana wetu. Hiyo tope umetoka nayo wapi? Huku hakujanyesha tangu Aprili."

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Nimekuja kujitolea, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yao. "Na pia kuwauliza maswali machache."

"Machache ni ngapi?"

"Arubaini."

Mstari wote ulisimama.

"Arubaini!" akasema mmoja aliyekuwa nyuma. "Hata mama mkwe wangu aliishia kumi."

Mwenyekiti hakucheka. "Sikiza. Hii ni mwethya. Watu wanasaidiana kazi, hakuna mtu anakuja na mikono mitupu. Ukiuliza swali, mmoja wetu atasimama akujibu. Akisimama, jiwe lake halifiki kwa ukuta. Kwa hivyo utalileta wewe. Jiwe moja, swali moja."

Nilidhani ni mzaha, nikasubiri wacheke ili nami nicheke. Walikuwa wameshaendelea na kazi.

Kutoka mlimani hadi ukutani ni kama urefu wa uwanja wa mpira, nusu yake mchanga unaomeza miguu. Nilichukua jiwe la kwanza. Mwenyekiti akalitazama. "Hilo ni la kuzuia mlango." Nikachukua la pili. "Hilo ni la jikoni, la kuweka sufuria. Rudisha." La tatu alilikubali, ila sikuweza kuliinua, ikabidi kina mama wawili waniwekee begani huku wakijadiliana kama chuoni tunalishwa.

Nilifika ukutani, nikalitua jiwe, nikatoa karatasi, nikasoma lile swali la mara kumi na saba: "Je, mnakabiliana vipi na changamoto ya bwawa kujaa mchanga?"

Bibi mmoja akaketi chini ili acheke vizuri.

"Mwanake, si ndio tunataka lijae!" akasema, akijifuta macho. "Mvua inaleta mchanga, mchanga unakaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani yake. Ukitaka maji unachimba kidogo tu na mkono. Jua haliyanywi. Punda hayachafui."

Niliitazama karatasi. Maswali kuanzia la pili hadi la tisa yote yalikuwa juu ya jinsi ya kuuzuia mchanga. Niliyakata yote hapo hapo. Jiwe moja lilikuwa limeua maswali tisa.

Tangu hapo kila safari ya mlimani ilikuwa kikao cha dharura kichwani mwangu. Swali la kumi na nne lilitaka kujua kama washiriki wengi ni wanawake au wanaume. Macho ninayo. Nikalikata. Swali la ishirini lilisema, "Una maoni gani kwa jumla?" Nililitazama swali, nikalitazama jiwe, nikalikata. Mambo mengine niliyaona tu bila kuuliza, lakini ya kuona hayakuhesabiwa kwenye fomu ya majibu ambayo mhadhiri alitutaka tumtumie kwa simu.

Wao waliniuliza bure. Kama niko na mchumba. Kama sina, ni kwa nini. Nikimaliza chuo nitaandikwa wapi.

"Na nyinyi mbona hambebi jiwe kwa kila swali?" nilijitetea siku ya pili.

"Sisi tulianza kubeba mwezi wa sita," mwenyekiti akajibu.

Hadi siku yangu ya tatu, Alhamisi ya kuwasilisha, nilikuwa na majibu kumi na moja. Niliegemeza simu kwenye mfuko wa saruji. Darasa zima lilikuwa pale, nyuso ndogo ndogo kwenye visanduku, na mhadhiri katikati.

"Fomu yako ina majibu kumi na moja," akasema. "Mimi nilisema arubaini."

Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye utangulizi, sababu tatu na hitimisho. Yote yakatoroka.

"Ni mawe, Daktari."

"Mawe gani?"

Mwenyekiti aliinama mbele ya simu hadi darasa likaona sikio lake na nusu ya kidevu.

"Mwalimu, habari ya huko."

"Nzuri, mama."

"Kijana amebeba kumi na moja. Nimehesabu mwenyewe. Hayo mengine ishirini na tisa yako hapa juu yanangoja. Akibeba leo, tunajibu leo. Ama ukuje mgawane."

Mwanafunzi mmoja aliyesahau kuzima maikrofoni alicheka hadi akapaliwa. Mhadhiri alikohoa.

"Na unaionaje kazi yake, mama?"

"Hilo ni swali, mwalimu."

Mhadhiri akafungua mdomo kuomba radhi.

"Lakini uko mbali, nimekusamehe," mwenyekiti akaendelea. "Siku ya kwanza alikuwa anauliza kama mtu wa sensa. Sasa anauliza kama mtu anataka kujua. Mabega ndio bado."

Mhadhiri alinigeukia. "Kati ya hayo kumi na moja, ni lipi lililostahili jiwe lake?"

Kwa kawaida swali kama hilo ningeliombea wiki moja. Bega lilijibu kabla yangu.

"La mwisho. Niliuliza ni nani aliyekuwa akienda kuchota maji zamani, na aliacha nini ili aende. Huyu bibi hapa aliacha shule akiwa darasa la tatu. Alinisimulia tukitembea, naye amebeba jiwe lake."

Mhadhiri aliandika kitu.

"Mwongozo unasema arubaini," akasema hatimaye. "Na mwongozo niliuandika mimi. Nitazungumza na mwandishi wake."

Matokeo yalitoka wiki iliyofuata kwenye ukurasa wa darasa. Idadi ya majibu, alama chache za huruma. Kujifunza kutoka kwa wenyeji, karibu zote. Jumla, sitini na mbili. Nilikuwa nimepita. Chini aliandika, "Kazi nzuri." Niliisoma mara nyingi nikitafuta tusi lililofichwa ndani yake, sikulipata, nikampigia mwenyekiti.

"Mwaitu, nimepita!"

"Mungu asifiwe. Basi Jumanne uje mapema, ukuta umebaki mita moja."

Nilianza kumweleza kwamba saa zangu za kujitolea zimekwisha kirasmi, lakini alikuwa ameshakata simu. Nikakaa kutunga sababu za kutokwenda. Ya saba ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, na Jumanne nilikuwa bado naipanga kichwani nilipohisi kina mama wawili wakiniwekea jiwe begani.