Aliyeshindwa Atangaze

Habari ya msiba ilinikuta Houston nikijaza mafuta: profesa wetu wa Garland, Mkenya aliyefundisha historia ya siasa za Marekani kwa muda wote niliomfahamu, ametutoka. Kabla sijapata hata nafasi ya kulia, simu ikaleta matangazo mawili. Ibada ya kumkumbuka itafanyika Carrollton, na nyingine Grand Prairie, miji yote ya jirani na Garland, Jumamosi ileile, saa ileile. Nilipandwa na hasira pale pale, na sioni haya kusema hivyo.

Marehemu alitumia maisha yake kuchunguza hotuba za wanasiasa walioshindwa uchaguzi. Washindi, alisema, wote husema yaleyale. Darasani aliwapigisha wanafunzi kura juu ya jambo lolote dogo, kisha upande ulioshindwa ndio uliosimama kutangaza matokeo. "Kupiga kura ni rahisi," aliniambia. "Ngoja uone mtu akiambiwa atoke." Basi sisi nasi tukamwomba asimamie uchaguzi wa chama chetu cha Waafrika Mashariki, naye akaja na sharti lake lilelile la darasani. Mwenyekiti wa zamani aliposhindwa, profesa alimpa kipaza sauti kwa heshima zote. "Mimi ni-announce kushindwa kwangu mwenyewe? Hapana, Prof. Hiyo wafundishe Wazungu wako." Nusu ya ukumbi ilicheka, na nusu ikatoka naye. Tangu siku hiyo tuna vyama viwili. Profesa alidhani tungemsikiliza kwa kuwa tunamheshimu. Aliendelea kula pilau pande zote mbili, na pande zote mbili zikamwita msaliti.

Nilimpigia mjane kumpa pole na kumuuliza ataenda ibada gani. "Nimewaambia wote," alinijibu kwa sauti iliyochoka. "Mwenye ata-cancel yake, huyo ndiye nitaenda naye kwa ile ingine." Nikawapigia wenyeviti wote wawili. Kila mmoja alinieleza, kwa upole kabisa, kwamba yeye ndiye aliyetangulia ku-book ukumbi.

Tunakesha tukiwasema viongozi wa Nairobi, Dodoma na Washington wanaong'ang'ania viti, na wenyewe hatuwezi kuachia ukumbi wa kukodi. Hilo ndilo profesa alilotaka tujifunze: kuachia huanzia kwenye vitu vidogo, nyumbani kwako. Mpaka naandika haya, hakuna aliyefuta ibada yake. Jumamosi kumbi mbili zitajaa, kila mmoja na picha yake kubwa ya marehemu, na mjane atakuwa amekaa sebuleni Garland, amevaa viatu, akisubiri simu.