Nilinunua koleti za kung'aa, mama mkwe akabeba ndoo

Wakuu, habari za huko mliko. Hili nimekaa nalo wiki tatu linanikereketa, nimeona nilitue hapa. Sijatia chumvi, na aibu yote iliyomo humu ni yangu.

Mimi ni mwalimu wa physics, mtu wa Tanga mjini, nimeoa Lushoto na sasa naishi Magamba. Nyuma ya nyumba kuna banda lililokuwa la kuku. Humo nina lathe machine ndogo ya mtumba, mashine ya kukerezea vyuma. Mke wangu anaiita mke mwenza.

Kwa wasiojua: lathe inashika chuma cha duara kwa chuck yenye meno matatu. Ila chuck ikizeeka kama yangu, inang'ata kazi na kuacha alama, na katikati haipati.

Hapo ndipo inapoingia koleti. Ni kibanio, kama bomba fupi lenye mipasuo, kila saizi na yake. Unaingiza chuma, unakaza, inakishika pande zote kwa pamoja. Ikiwa nzuri, kazi inazunguka imetulia tuli.

Nikaagiza seti nzima mtandaoni. Boksi la mbao, zimepangwa, zinang'aa. Muuzaji kaandika ORIGINAL kwa herufi kubwa, na mimi na degree yangu nikaamini. Aisee.

Wiki haikuisha, pampu ya mama mkwe ikafa.

Mama mkwe ni mjane, analima kabichi Malindi, hii ya huku huku Lushoto, na shamba ndilo linamweka mjini na kijijini. Pampu yake ni ya zamani, ya Kiingereza, inazungushwa na engine kwa mkanda, inapandisha maji kutoka kijitoni hadi kwenye matuta. Shafti, ule mti wa chuma unaozunguka ndani, ilikuwa imelika. Kiangazi kimekaza na kabichi ndiyo zinaanza kufunga. Ukizinyima maji wakati huo, msimu umekwisha.

Nikajitutumua: "Mama, hiyo niachie mimi."

Nikakereza upande mmoja wa shafti mpya hadi nusu inchi, maana bearing za pampu ile ni za inchi. Kisha nikaigeuza, nishike ule upande uliokwisha ili nikereze wa pili. Seti yangu ilikuwa ya milimita tupu.

Sasa wale mliokulia gereji mnajua, tumefundishwa kwamba nusu na kumi na tatu ni ndugu. Ukikosa spana ya nusu inchi, unafungua kwa namba kumi na tatu na maisha yanaendelea. Nikachukua koleti namba 13, nikakaza. Ikashika. Sikujiuliza mara mbili.

Shafti ilitoka inameremeta, nikaipiga na picha. Nikaipeleka, nikaifunga, maji yakapanda. Nikarudi mbio kuwahi vipindi.

Kesho yake nikapiga simu. "Shikamoo mama. Pampu inaendeleaje?"

"Marahaba mkwe wangu. Vizuri sana, Mungu akubariki."

Keshokutwa, vilevile. Siku ya tatu, vilevile, na dua juu yake. Lakini kitu kilikuwa kinaniwasha. Darasani naandika ubaoni, akili iko Malindi. Nakaa, nasimama, naenda bandani, narudi. Mke wangu akaniuliza kama nina minyoo.

Jumamosi nikawasha pikipiki. Nisiwadanganye, sehemu ya safari ile ilikuwa kwenda kuvuna sifa.

Nilipofika shambani jirani yake akanisalimia kwa Kisambaa, "onga mshi", nikaitikia, halafu akatazama pembeni. Nikageuka. Mama mkwe anapanda mteremko na ndoo kichwani. Pampu iko kijitoni, imefunikwa gunia kama maiti.

"Shikamoo mama. Kulikoni?"

"Marahaba. Hamna neno mkwe, tumeipumzisha kidogo."

Nikafunua gunia, nikaiwasha. Wakuu, pampu ilitetemeka hadi bolti zinagonga. Maji yanaruka pale kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje, juu hayafiki hata nusu.

Mama akatua ndoo. "Inafanya kazi vizuri tu," akasema, "ila inachoka haraka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Siku nne yule mama amebeba ndoo, na matuta mawili ya juu tayari majani yamelala.

Nikampigia mke wangu kwa hasira. Kwa nini hakuna aliyeniambia?

"Mama angeanzia wapi?" akanijibu. "Wewe ni mkwe. Mkwe anaambiwa kazi yake mbovu?"

Nikavua koti, nikachukua ndoo. Mama akapinga, akaona haya, akaniomba nikae kivulini. Sikukaa. Nilibeba hadi jua linainama, kisha nikachomoa shafti nikarudi nayo Magamba.

Jumapili ibada niliisikia kwa sikio moja. Mchana nikaingia bandani na dial gauge, ile geji yenye mshale kama wa saa. Nikachukua pini mpya ya pistoni ya pikipiki, ya milimita 13 kamili, maana pini hizo zimesagwa kwa usahihi mkubwa. Nikaibana kwenye koleti yangu ya 13 na kuzungusha kwa mkono.

Mshale ukatembea mistari ishirini, na kila mstari ni moja ya mia ya milimita. Yaani hata kwa saizi yake halisi, koleti ilikuwa inazungusha kazi kama mlevi. Na mimi juu yake nimeibania nusu inchi, ambayo ni 12.7. Koleti za mashine yangu hazijifungi kiasi hicho. Zikilazimishwa zinashika kwa midomo tu, huku nyuma pamebaki wazi. Pande mbili za shafti zikawa hazina kitovu kimoja.

Nikachungulia ndani kwa tochi. Mipasuo haikulingana, kingo zina vijimeno vya chuma visivyopigwa msasa. Vyote hivyo vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Niliangalia mng'aro.

Jumatatu niliomba ruhusa, nikashuka Tanga. Dada mmoja anauza vifaa vya karakana vya mtumba. Nikamwambia nataka seti.

"Kaka, unataka seti au unataka kazi?"

Akanitolea koleti moja tu, nyeusi, imelowa oili, imechongwa 1/2. Mipasuo imelingana, ndani laini hata kucha haikwami, ukiiminya inarudi yenyewe. Tukakubaliana nikipima nikaona mbovu naileta.

Nyumbani nikabana humo pini nyoofu ya nusu inchi niliyoazima kwa fundi. Mshale ulitikisika, haukumaliza hata mstari mmoja. Nikakaa chini, mara ya kwanza siku nyingi.

Nikakereza shafti nyingine kutoka mwanzo. Jumanne baada ya vipindi tukaenda Malindi, mimi na mke wangu. Nikafunga, nikavuta kamba ya engine.

Maji yakapanda hadi tuta la mwisho. Mama akaja, akaweka kiganja juu ya pampu, akakiacha hapo muda mrefu, kama anayempima mtoto homa.

Mimi nikasema, "Mama, leo naomba uniambie ukweli."

Akamtazama binti yake. Akatazama maji. Kisha akainamisha kichwa na kusema, "Mkwe, ile ya kwanza ilikuwa mbovu sana."

Mke wangu akaziba mdomo. Mimi nikacheka, lakini macho yalinilowa. Matuta mawili hayakuinuka tena. Mengine yamefunga vizuri.

Nilichojifunza: nunua koleti moja nzuri ya saizi unayoitumia, siyo boksi la mapambo. Ya inchi ni ya inchi, undugu wa spana uache gereji. Na kazi usiipime kwa watu wanaokuheshimu, pima kwa mshale, kwa sababu mshale haujakuoza binti.

Wenye lathe nyumbani, ninyi mnazipimaje koleti kabla ya kulipa? Na nilipokosea nipigeni waziwazi, humu mimi si mkwe wa mtu.