Fundi Aliyeulizwa Kama Yupo

Fundi wa kompyuta hasemi neno kabla ya kufuta miwani kwa pindo la shati, na wiki hii pindo limemtoka nyuzi. Mhasibu, anayekaa meza ya pili, ameshayakariri maelezo ya fundi kuhusu tundu la seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Mtu wa nje anaibishia hodi: "Upo? Kama upo, nirudishie neno langu, lina herufi mia tano." Kumbe lina tatu tu. Seva, kama zuzu, haihesabu. Inarudisha zile tatu, kisha inajaziliza kwa chochote kilicho jirani, hata siri za watu. "Tundu nimeshaliziba," fundi aliwaambia wenzake ofisini, akigonga meza kwa kifundo cha kidole. "Sasa badilisheni nywila. Na jamani, mpya msiniambie!" Wakabadilisha, kisha mmoja mmoja wakaja kumnong'oneza, eti awakumbushe wakisahau. "Sikio la kufa," alinung'unika, akifuta miwani, "halisikii dawa."

Kila adhuhuri mkewe hupiga simu kumuuliza neno moja, "Upo?", naye huiacha mezani, spika wazi, akajibu "Nipo" bila kuacha kufuta miwani. Leo alijibu "Nipo," akavuta pumzi, halafu yakamwagika yote: bosi katumia jina la paka wake, wa mapokezi kaandika moja mbili tatu, na mhasibu, mama mzima, kaweka jina la mtalaka wake! Mhasibu akajifunika uso kwa faili. Simu nayo ikasema taratibu, "Baba watoto, mimi nimeuliza tu kama upo."